Lumbesa

Mimi ni mpima viazi, Isyonje, njia ya kwenda Tukuyu.
Miaka kumi na tisa jicho langu liko kwenye mshale wa mizani,
ukungu umekaa juu ya magunia kama mteja asiyenunua.
Nalijua gunia lililoshonwa kwa haki,
na naijua lumbesa: kile kilemba cha nyavu
kinachopachikwa juu, mkulima asilipwe.

Kwa hiyo waliponiletea habari ya mteremko wa pareto
niliwaambia: itueni kwanza, tupime.

Habari yenyewe: ekari mia tatu kapewa mgeni,
na mkutano wa kijiji umeridhia.
Mwenyekiti ana muhtasari, ana muhuri,
ana majina mia mbili na kumi na mawili.
Gwamaka anasema mkutano haukuwapo;
palikuwa na gari jeupe, usiku, na bahasha.

Uliliona?
"Watu watano wamenithibitishia."
Nikawafuata watano, kwa miguu, siku mbili.
Tumpale kasikia kwa shemeji yake. Shemeji, kwa fundi baiskeli.
Fundi, kwa Anyosisye wa mashine ya kusaga.
Anyosisye akapangusa unga kwenye kope:
"Si Gwamaka mwenyewe ndiye aliyetuambia?"
Mifereji mitano, chemchemi moja,
na chemchemi hiyo iligombea uenyekiti mwaka juzi, ikashindwa.

Hilo halimfanyi kuwa mwongo. Aliyeshindwa naye ana macho.
Ila macho yale, usiku ule, yalikuwa Makambako, msibani.

Gazeti likaandika "wananchi wamefurahi".
Nikatafuta humo jina la mwananchi mmoja.
Redio ikasema "inadaiwa", ikarudia "inadaiwa";
kufika jioni, kilabuni, neno lile lilikwishadondoka njiani
kama kiazi kwenye gunia lililotoboka.

Nikaenda ofisi ya kata. Karani hakutaka.
Nikakaa kwenye benchi mpaka akachoka yeye.
Karatasi nne. Jina la themanini na saba: Subilaga, dada yangu,
na ile S yake yenye mkia, ya shule ya misheni.
Saini ya kweli. Moyo ukanishuka.

"Nilisaini," dada akasema, akimenya, bila kuniangalia.
"Orodha ya mbolea ya ruzuku. Tulipanga foleni, mvua ya mawe inatupiga."
Juu ya majina paliandikwa nini?
"Juu palikuwa pamekunjwa."

Hapo mshale ukatulia. Nikadhani.
Kisha nikakumbuka magunia yangu sita
ambayo mwenyekiti hajayalipa tangu msimu uliopita,
na jinsi nilivyotaka,
nilivyotaka sana,
karatasi ile iwe imekunjwa.
Nikaangalia kidole changu kiko wapi.
Kilikuwa juu ya sahani ya mizani.

Nikaanza upya. Watu kumi na mmoja, wengine hawasalimiani,
watatu hawana hata tuta moja kwenye mteremko ule.
Tisa walisema ilikunjwa.
Mmoja hakumbuki.
Mmoja, Mama Atuganile, anasema mkutano ulikuwapo,
mfupi, kabla ya foleni; alisikia "mwekezaji",
akadhani ndiye mleta mbolea.
Hana sababu ya kunidanganya.
Nimemwandika naye, ingawa ameniharibia hesabu.

Ukiniuliza, nitakutajia kilo nilizonazo:
orodha ni ya mbolea, naamini, na mtu akinibana nitasimama.
Mkutano, huenda, wa dakika chache.
Bahasha, sijui. Sijui si jibu la kuuzia soda,
lakini ndilo lililobaki kwenye sahani.

Gwamaka ananiita mwoga. Mwenyekiti anasema nimenunuliwa.
Daftari liko pale kwenye mizani, limefungwa kwa uzi wa gunia.
Fungua. Ukikuta nimekosea, sahihisha kwa kalamu,
andika jina lako pembeni
na mahali uliposimama.