Vyungu Saba

Vyungu ni saba, mlangoni pa benki, Tororo.
Sikuajiriwa kwa ajili yao; niliajiriwa kulinda.
Lakini tangu mtunza bustani aache kazi
meneja amenikabidhi mpira wa maji juu ya rungu,
akasema, "Ofwono, yasinyauke."

Basi nimemwagilia, Mungu shahidi.
Kila alfajiri, kabla zamu haijaisha,
nahesabu hadi ishirini kwa kila chungu,
nasikia maji yakishuka mbiombio
nami najisifu: kinakunywa.

Hakikuwa kinakunywa.
Maji yalipita kando, kati ya udongo na ukuta wa chungu,
pale udongo ulipokauka ukajikunja,
yakatokea tundu la chini,
yakatambaa juu ya vigae hadi ukingoni mwa zulia
ambapo Athieno wa usafi aliteleza Jumatatu,
akanitukana kwa lugha ya mama zetu
tusi nililolisikia mara ya mwisho nikiwa mchunga mbuzi;
nikacheka hadi nikasahau kumwokotea ndoo.

Meneja akaja na bili mkono huu,
mkono huu majani makavu.
"Maji yamekwisha na maua yamekufa. Nieleze."
Nilikakamaa, mikono ubavuni, kama enzi za kambi,
kikanitoka: "Ndiyo, afande!"
kwa binti wa miaka thelathini na mbili.

Usiku ule nikapiga goti, tochi mdomoni,
nikazamisha kidole katika chungu cha nne.
Hadi ukucha: tope.
Hadi kifundo cha pili: vumbi,
vumbi kavu la Januari, jepesi kama unga wa muhogo
uliosahauliwa darini.
Nikalidondoshea tone. Likakaa juu, duara,
likaviringika kama ushanga, likaondoka zake.
Udongo una kiu, na maji hauyataki.
Sikujua jambo hilo linawezekana.

Au nilijua.
Kila tarehe ishirini na tano benki huilipa kampuni yetu.
Gari la bosi nalifungulia geti mimi mwenyewe,
naliona likiingia, naliona likitoka.
Fedha hutoka juu, hushuka ukingoni,
huibukia huko chini tusikokuwapo.
Kisha sisi wa katikati tunaulizwa
mbona bado tumenyauka.

Niishie hapo. Nilikuwa nasema habari za maua.

Nikamkumbuka mama na mtungi wake wa malwa.
Hakumimina birika zima kwa pupa.
Alitia maji kidogo, akaenda kuchambua mboga,
akarudi, akatia tena, akainamisha sikio.
"Ulezi mkavu ni kama mtu aliyenuna," alisema,
"usimpigie kelele."
Wazee wakashusha mirija, wakavuta kutoka chini.

Kutoka chini!

Nikachukua beseni la Athieno bila ruhusa,
nikalijaza nusu, nikakalisha chungu ndani yake,
rungu magotini, nikangoja.
Malori ya Malaba yalipita, moja, la pili, nikaacha kuhesabu.
Halafu povu moja.
Likapasuka taratibu, kama mtu anayefungua mdomo
baada ya kununa siku tatu.
La pili. Kisha mfululizo, bwabwabwa,
pumzi yote ya kiangazi ikitoka,
na uso wa udongo ukaanza kuwa mweusi
kuanzia pembeni, ukienda katikati.

Nimefanya chungu kimoja kila usiku.
Cha nne hakikuamka. Nacho nilikiloweka,
sijui kwa nini, usiku kucha.
Bili sijaieleza bado.

Leo Athieno kawahi, hata taa za barabarani hazijazimwa,
kalikuta beseni lake limekaliwa.
"Ofwono! Unamwogesha nani humo?"
Nikaweka kidole midomoni.
Kidole chenyewe cheusi hadi kifundo cha pili.
"Nyamaza," nikamwambia. "Cha sita kinakunywa."