Nungunungu Kwenye Dramu

Jumamosi, saa mbili na nusu asubuhi,
Dayton, Ohio, theluji imepanda hadi kizingitini.
Tumeketi zuliani mbele ya televisheni ya Shangazi Orlean,
mabakuli ya nafaka mapajani, maziwa yameshageuka waridi,
tukingoja kujiona.

Walitaka picha sita. Mama akatuma sita,
akaandika nyuma kwa penseli:
Verdell, gitaa. Cleotha, besi. Odell, sauti.
Lavonne, dramu, miaka kumi na mitatu.
Zikaenda Los Angeles kwa posta
kwa wachoraji ambao hatukuwahi kuwashika mkono.

Hao! Hao wanakuja!
Verdell ana shingo ya twiga,
Cleotha kapewa miwani ambayo hajawahi kuvaa,
Odell anacheka kwa kicheko cha kukodi,
cha mtu mzima fulani aliyekohoa kwanza, nadhani,
ndipo akaambiwa anza.
Wanamkimbia mzimu kwenye ukumbi wa kasri:
mlango, jagi la maua, picha ya mzee mwenye masharubu,
mlango, jagi la maua, mzee yule yule.
Nilihesabu, mara saba.
Kaka zangu wanatupa miguu papo hapo
na nyumba ndiyo inayowapita.

Na nyuma ya dramu, nani?
Nungunungu.
Nungunungu mwenye kofia ya zambarau,
anachomoa miiba miwili mgongoni,
anapiga, anajichoma, anaruka hadi darini.
Sebule nzima ikaanguka kwa kicheko.
Shangazi Orlean alishika mbavu.
Nami nikacheka, maana asiyecheka ndiye huchekwa,
nikauma kijiko mpaka jino likalia.

Msichana kwenye dramu, walieleza baadaye kwa simu,
watoto hawataamini.
Nungunungu wataamini.

Mama alitokea jikoni, unga hadi viwikoni,
akatazama kidogo, kama mtu anayesoma bei.
"Nywele zako hizo," akasema.
"Siku ya picha ulinikatalia kitana."
Akarudi kwenye kikaango chake.

Mwezi wa tatu Odell akapata barua ya jeshi.
Jumamosi iliyofuata bado aliruka handaki la mamba,
shati lile lile la nyota, nywele duara kama mwezi,
na kicheko cha kukodi kikamtoka sawasawa
huku yeye mwenyewe yuko Kentucky,
kanyolewa, anajifunza kutandika kitanda.
Mama akaanza kuwahi kuliko sisi.
Alivuta kiti karibu na kioo
hata ikabidi tutazame pembeni mwa bega lake.
Hadithi hakuifuata. Mzimu akivuliwa shuka
na kuonekana ni mwenye benki, kama kawaida,
Mama aliuliza, "Odell yuko wapi? Mbona wamemtoa?"
Hajatolewa, Mama. Yuko nyuma ya nguzo.
Atatokea.

Asubuhi moja picha ikaanza kuteremka,
mistari juu ya mistari, vichwa chini miguu juu.
Verdell akagonga ubavu wa televisheni. Wapi.
Nikazungusha kitufe cha mwanga
mpaka kioo kikawa cheusi tii,
ikabaki sauti peke yake sebuleni.

Hiyo hawakuichora.
Hiyo ni ghorofa ya chini kule Cincinnati, mwezi Julai,
feni imezimwa isiingie kwenye kanda,
jasho linatiririka hadi kwenye fimbo,
na ni mimi, Lavonne Pettway, si mnyama yeyote,
mguu wa kulia kwenye pedali, kiatu nimevua.
Sikiliza, nikamwambia Mama. Baada ya kiitikio.
Hapo. Umesikia?
Nilichelewa nusu pigo.
Odell alikuwa amenikonyeza.

Mama hakujibu.
Alingoja wimbo ukaisha, likaja tangazo la nafaka,
akaniambia niirudishe picha.
Nikairudisha.
Mlango. Jagi la maua.