Kifungu cha Tisa

Wakili Shebwana alivua miwani:
"Biashara ya nini hasa?"
"Ya mikate," Kadzo akajibu, upesi mno.
Na kweli tanuri tunalo, magunia mawili ya unga,
kibanda cha bati Maweni chenye deni la miezi mitatu.

Akaandika: Mshirika wa Kwanza, Mshirika wa Pili.
Wa Pili ni mimi. Nilicheka, nikajikohoza.

Tanuri la Kadzo, alilinunua hatujajuana.
Kiwanja, nusu kwa nusu.
Friji yangu, ingawa haigandishi tena.
Paka hakuandikwa.

Kifungu cha tisa tulikitunga wenyewe, usiku,
nyuma ya daftari la wadaiwa:
*Mmoja wetu akitangulia,
ndugu zake wasije na pikapu
kabla aliyebaki hajamaliza kulia.*

Shebwana alikisoma mara mbili.
Akafuta "kulia", akaweka "kufunga hesabu".
Hakututazama. Akagonga mhuri.

Wenzetu hushuhudiwa na ukoo mzima,
vigelegele hadi mtaa wa pili.
Shahidi wetu alikuwa karani wa mapokezi,
alitia sahihi huku akitafuna kashata,
akauliza kama Jumapili tunafungua.

Shilingi elfu tatu na mia tano.
Nje, jua la Malindi lilitukaanga;
Kadzo ameibana bahasha kwapani, kimya,
mpaka penye kona ya msikiti:

"Kufunga hesabu, wewe, itakuchukua siku ngapi?"

Nikamwambia, unanijua.
Hesabu zinanishinda.