Vipimo vya Baba Askofu

Daftari hili lilikuwa la mama kabla halijawa langu.
Ukurasa wa kumi na nne, kwa penseli:
Fulgencio wa Tomasa muuza mikate. Kifua, inchi ishirini na saba.
Suruali ya kipaimara. Atalipa mikate kumi na miwili.
Alileta kumi na mmoja,
akaungama kabla hajaulizwa.
Mama akacheka: huyu atakuwa padre,
au mwizi asiyeijua kazi.

Huancarumi iko juu, maji huchemka kabla hayajapata moto,
na upepo wa Bolivia hupita hata tundu la sindano.
Baba yake alichimba bati miaka ishirini.
Kikohozi chake kilituamsha mtaa mzima,
hatukuhitaji kengele.

Kanzu ya seminari niliishona mimi.
Nilikuwa na miaka kumi na saba, futi mpya shingoni.
Nitalisema hili kwa kuwa sasa halimdhuru mtu:
futi ilipomzunguka kifua, sote wawili tuliacha kupumua.
Yeye akatazama picha ya Bikira,
mimi nikatazama namba,
na namba nikaiandika vibaya.
Kanzu ikambana kwapani mwaka mzima.
Hakuirudisha.

Upadre: thelathini na nane.
Mwaka wa mgomo, wake za wachimbaji walifunga kula
wamelala juu ya sakafu ya kanisa,
na askari walipofika walimkuta mlangoni.
Aliniletea mkono wa kushoto umetoboka.
Singe, alisema. Hakuongeza neno.
Nilitia kiraka kwa uzi usiolingana,
ili asisahau. Ujana una kiburi chake.

Kisha waraka ukaja kutoka Roma.
Kifua arobaini na mbili, na tumbo sikuliandika.
Kila parokia ilimpa supu, na yeye kukataa hakujua.
Kampuni ya mgodi nayo ikampa paa la kanisa kuu,
mabati mekundu, yanaonekana hadi barabara ya Oruro.
Hakukataa.
Walipomwita kubariki shimo jipya, alikwenda na maji ya baraka,
amevaa mshipi wa zambarau niliomshonea kwa fahari.

Shimo lilishuka mwezi wa nane.
Watu kumi na tisa.

Alikuja usiku, akaniambia: ondoa vifungo vya rangi, tia vyeusi.
Mfukoni mwa kanzu nilikuta punje za mahindi ya kukaanga
na, katikati yake, pete.
Tangu hapo kila Jumanne alizunguka nyumba za wajane.
Kumi na wanane walimfungulia, wengine baada ya miaka.
Eusebia Llanque hakufungua.
Askofu alikaa kizingitini nusu saa, mvua au barafu,
akaondoka, wiki ijayo akarudi.
Wenye busara mjini walisema anajidhalilisha.
Mimi nilibadilisha makalio ya kanzu mara sita.

Sabini na tano, akaandika barua ya kung'atuka.
Alihamia chumba nyuma ya tanuri la marehemu mama yake,
akakanda unga alfajiri na wapwa zake.
Thelathini na tano. Kila mwaka napunguza, kila mwaka anakohoa,
na kikohozi ni kilekile cha baba yake.

Jana nimempima mara ya mwisho.
Maiti hupimwa urefu tu, hili fundi yeyote analijua.
Mimi nilipitisha futi kifuani.
Safari hii nilikuwa peke yangu katika kuzuia pumzi.
Thelathini na tatu na nusu. Nimeandika sawasawa.

Nikiwa naunga mabega, mlango ukagongwa.
Eusebia, shali imejaa theluji, akauliza:
ina mfuko?
Nikamwambia sanda haina mfuko, mama, ndivyo watu wasemavyo.
Akafungua kiganja.
Kipande cha shaba, namba mia nne na kumi na mbili,
kile ambacho mumewe alipaswa kukirudisha getini jioni ile.

Shona, akasema.

Nimeshona, upande wa kushoto,
kwa uzi usiolingana.