Inua Bapa

Saa kumi na nusu alfajiri nalitia lori moto.
Upepo wa Ziwa Superior unamwaga theluji
kama mtu asiyejua bei ya unga.
Kata yetu ina watu mia tatu na kumi na wawili.
Barabara zilipimwa kwa ajili ya elfu sita.
Zote nazikwangua. Ndiyo kazi.

Shimo la Kwanza: dohani, na ndani yake mti umeota.
Shimo la Pili: uzio, na ubao wa HATARI
ambao kutu imeila R.
Shimo la Tatu anaishi Aili Kettunen, peke yake.
Huwasha taa ya barazani kabla sijafika
nijue hajafa.
Napiga honi
ajue nimejua.

Kisha mteremko wa Wareli, nyumba kumi na moja
za rangi moja, kampuni moja, kufuli moja moja.
Hapo ndipo Wendell Trembath, msimu wake wa mwisho,
aliponigusa kiwiko:
«Inua bapa.»
«Kuna nini?»
«Reli.»

Nikatazama. Hapakuwa na reli.
Ziling'olewa mwaka niliozaliwa, zikauzwa kwa kilo;
mataruma yake ndiyo kingo za bustani ya mama,
hadi leo jua likiwaka sana yananuka lami,
na bilinganya zake, anaapa, zina ladha ya treni.

«Inua,» akasema tena,
kwa sauti ya kumwambia mtoto avue kofia mezani.
Nikainua. Baba yake alishika bendera nyekundu kivukoni pale
miaka ishirini na saba, behewa za shaba zikipita.
Hilo sikuambiwa na yeye. Nililisoma kwenye kaburi la baba yake,
nilipokwenda kumzika Wendell.

Sasa kila asubuhi nyuma yangu unabaki
utepe wa theluji uliokata barabara,
upana wa hatua mbili, hauanzii popote, hauendi popote.
Mhandisi wa wilaya ameniandikia barua:
kasoro, mita kadhaa kutoka nguzo fulani, irekebishwe.
Naitumia kuwekea kikombe.

Saa moja na nusu hupita basi la shule.
Likifika pale linaruka, watoto wanapiga ukelele.
Dereva ananiambia siku hizi
wanagombea viti vya nyuma.