Daftari la Hasara

Mama aliandika HASARA kwa wino mwekundu, upande wa kushoto,
na juu yake mwaka: sabini na nane.
Plagi nne. Fenibelti. Tairi la nyuma, kuukuu, soko la Luanda.
Kusafisha kabureta, Jaswant, Kisumu, "kanipunguzia shilingi kumi."
Petroli. Petroli. Petroli.
Upande wa kulia aliandika FAIDA, akapaacha patupu miezi mitatu.

Datsun, milango miwili, rangi ya maziwa yanayoanza kuganda.
Aliinunua kwa mwalimu mzungu wa Kaimosi aliyekuwa akirudi kwao,
kwa akiba ya mkunga wa zamu za usiku
na ng'ombe mmoja ambaye baba zetu wadogo hawajamsahau hadi leo.
Gari la bei ya chini, walisema, na mwanamke wa bei ya juu.
Mkebe wa samli umetiwa magurudumu, walisema.
Hasara tupu.

Jaswant, aliyesoma chochote kilichotoka kiwandani,
hata maandishi ya kifuniko cha mafuta,
alimsimulia kisa, kichwa kikiwa ndani ya boneti:
herufi tatu za mwanzo ni za mabwana watatu waliotoa fedha,
na lilipozaliwa gari dogo wakaliita mtoto wao, Datson.
Ila hiyo "son", kwa masikio ya Kijapani, ni hasara.
Nani atanunua hasara akaiegeshe uani?
Wakabadili herufi moja. Hasara ikawa jua.

Mama alirudi Maragoli akicheka peke yake kwenye usukani.
Usiku huo upande wa kulia ukaanza kujaa.
Hakuandika pesa.
Mke wa Kisia, Mudete, mvua, salama.
Pacha, Gambogi: mmoja kiti cha nyuma, mwenzake hospitalini.
Msichana wa shule. Jina silitaji.
Wa kiume, daraja la Yala, saa tisa usiku, taa moja tu inawaka.
Wamemwita Datsani.

Sisi watoto ndio tuliokuwa stata yake.
Alfajiri, umande magotini, sweta za shule,
tunaisukuma kutoka langoni hadi mteremko unapoanza,
naye anapaza sauti dirishani, "Sasa!",
anaachia klachi,
inakohoa, inagutuka, inatutemea moshi usoni,
na tunabaki barabarani mikono ikining'inia
kama watu waliokopesha kitu.

Kisha wenyewe huko Japani wakaliacha lile jina.
Spea zikawa za kubahatisha.
Bomba la moshi tulilifunga kwa waya wa ua.
Jaswant akawafuata wanawe ng'ambo, akamwachia mama spana namba kumi.
Daftari linaishia tisini na tatu, kwa neno moja: pistoni.
Sijui alikusudia upande gani.
Limekaa katikati, juu ya mstari wenyewe.

Siku ya tatu baada ya matanga, lori la vyuma chakavu likaja toka Kisumu.
Wanapima kwa kilo.
Kuku alikuwa akiatamia kwenye kiti cha nyuma;
tukamhamisha na mayai yake sita, akatulaani.
Dereva wa lori aligoma kupanda njia yetu,
kwa hiyo ilibidi gari limfuate bondeni.

Datsani alikuja, fundi wa pikipiki pale Majengo, mvi mbili tatu ndevuni.
Hakusema neno.
Alivua koti, akaweka viganja pale nyuma
ambapo rangi iliisha zamani kwa viganja vyetu.

Tukasukuma.
Kwenye kona ya kanisa, kitu kikakohoa ndani yake.
Yaweza kuwa mawe. Injini haina pistoni, nimesoma hesabu.
Lakini sote wawili tuliachia,
tukarudi hatua moja nyuma,
tukafumba macho, tukingoja moshi.