Utambuzi

Umekauka tangu kiangazi cha mwaka juzi.
Hauna jani, hauna tunda, hauna hata kiota,
na fundi Lihanda, aliyekuja na msumeno toka Shinyalu,
anataka jina kwanza. Bei, asema, hufuata jina.

"Mukomari," shangazi Mmbone ajibu toka jikoni, bila kutazama.
Si mukomari. Gome la mukomari ni la majivumajivu, halina hasira hii.
Wala si mkaratusi: huo hujivua nguo mapande marefu,
huu umeng'ang'ania zake.

Napiga magoti. Gome jeusi,
limepasuka miraba-miraba kama tope la bwawa la samaki lililokauka,
nene kiasi cha kumeza kidole hadi fundo la kwanza.
Nabandua kipande: chini yake mwandiko.
Buu ameanza safari nyembamba kama uzi,
akanenepa njiani, njia nayo ikanenepa,
kona, kona tena,
kisha tundu lenye umbo la yai. Hapo alitoka na mabawa.
Juu zaidi vitundu vya duara, upana wa ncha ya penseli,
na unga unaomwagika, mwekundu, laini kama wa wimbi.
Hawa fukusi hawaugusi mti wenye maji.
Walikuja matangani tu.

Nakwangua kwa kucha, nanusa.
Bado ipo, kwa mbali:
uchungu wa kokwa, dawa ya kikohozi ya nyanya.
"Mwiritsa," namwambia Lihanda.
Anapiga mluzi. Mbao nyekundu! Ameshaanza kuhesabu futi.

Mimi nauzunguka, hadi upande wa kijito,
na huko gome halipo.
Limechunwa robo tatu ya shina, kingo zimenyooka;
uso ulioelekea barabara ndio pekee ulioachwa.
Mkato wa juu unakomea usawa wa kidevu changu,
na kila pigo la panga limelalia kushoto.

Mtu mfupi. Mwenye shoto.

Magunia matatu, lori la usiku lisilowasha taa.
Asubuhi yake baba akanihesabia karo ya muhula wa pili,
noti mojamoja, kwa mkono ule,
vidole vikinuka kokwa.

"Kilichouua ni nini?" auliza Lihanda.
Shangazi ametoka jikoni,
anajifuta mikono ambayo tayari ni mikavu.

"Wadudu," nasema,
na kile kipande cha gome nakirudisha mahali pake.
Hakikai.